Daftari la Lishe ya Kasuku

Kabla ya mwaka ule sikuwahi kufuga kiumbe chochote, nikiacha kuku watatu ambao kwa kusema kweli walikuwa wa mke wangu, na ambao walinichukulia kama mpita njia. Kwa hiyo nilipokabidhiwa kasuku nilifanya kile nilichozoea kufanya tangu utotoni kila ninapokabiliwa na jambo nisilolijua. Nilichukua daftari jipya, nikalipiga mistari kwa rula, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa na wino mweusi: Daftari la Lishe ya Kasuku. Mpaka hapo ndege mwenyewe alikuwa hajapewa hata maji.

Yafaa nieleze malezi yangu, si kwa kujitetea, bali ili msomaji asidhani kwamba upumbavu ninaousimulia ulitokea kwa bahati. Nilizaliwa upande wa Handeni, na kabla sijatia mguu katika shule ya serikali nilisomeshwa nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, na shehe mmoja ambaye hakumruhusu mwanafunzi kugusa mstari wa pili mpaka awe ameuchambua wa kwanza neno kwa neno, kila neno na kazi yake. Tulikaa miezi minne katika ukurasa mmoja. Nilitoka pale na imani ambayo shule zilizofuata ziliikuza tu: kwamba hakuna jambo duniani ambalo, likigawanywa vizuri katika sehemu zake na kila sehemu ikaandikwa mahali pake, litaendelea kukataa kueleweka. Elimu ile sijaijutia hata siku moja. Ninachotaka kueleza ni jinsi ilivyokaribia kumuua ndege.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Azimio. Nilikuwa nafundisha Korogwe, na mashamba ya mkonge yaliyotuzunguka yalikuwa yanapita mikononi mwa umma moja baada ya jingine. Katika shamba mojawapo, si mbali na Ngombezi, msimamizi wa kigeni aliondoka na masanduku mawili na mbwa wake. Kasuku alibaki kibarazani. Hakuna aliyejua kama alisahauliwa au aliachwa, na nadhani kwa kasuku hapakuwa na tofauti. Aliyeendelea kumlisha ni mpishi wa nyumba ile, mzee aliyezaliwa palepale shambani, ambaye baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Miezi michache baadaye nyumba ikahitajika kwa ofisi, mpishi akahamia chumba kimoja katika nyumba za kambi, pamoja na binti yake na wajukuu, karibu na jirani mwenye paka wawili wakubwa. Ndipo mtu fulani akamwambia kwamba mjini yuko mwalimu anayesoma habari za kila kitu.

Alikuja Jumanne alasiri kwa baiskeli, tundu limefungwa nyuma na kufunikwa gunia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akifungua kamba. Chini ya gunia alikuwa ndege wa kijani, mdogo kuliko njiwa, mwenye kichwa cha rangi ya kahawia na jicho la manjano lililonipima kuanzia viatu mpaka miwani na halikuona cha kulipendeza.

“Anasema?” niliuliza.

“Hasemi. Bwana alijaribu miaka yote akachoka. Mimi sikujaribu.” Akaliweka tundu mezani. “Mwalimu, nimeambiwa wewe ni mtu wa utaratibu.”

Ningependa kuandika kwamba nilimpokea ndege kwa huruma. Nilimpokea kwa sababu ya sentensi ile. Nilikwenda kuchukua kalamu.

“Anakula nini, mzee?”

“Mpunga. Alizeti ikipatikana.”

“Kiasi gani?”

“Kikombe hiki hapa.” Akanionyesha kikombe kidogo cha bati kilichotundikwa kwa waya ndani ya tundu, ukubwa wa kikombe cha kahawa.

“Mara ngapi?”

“Asubuhi.”

“Kikombe cha tele au cha mfuto?”

“Mwalimu, huyu ni kasuku. Hajui kipimo.”

“Mimi ninajua.”

“Basi mfuto,” akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwahi kabla mvua haijanyesha.

Niliandika: mpunga, kikombe kimoja cha mfuto, asubuhi. Nikamwuliza kama kuna jingine. Akasema nimfunike jua likizama, nimpe maji safi, na nisimkenulie meno kabla hatujazoeana. Kisha akaingiza kidole katikati ya nyaya, na ndege, ambaye kwangu alikuwa ameonyesha mgongo, akainamisha kichwa ili akunwe shingo.

“Miaka tisa nimemlisha huyu,” mpishi akasema bila kunitazama. “Nitakuja kumwona Jumapili, si hii inayokuja, ile ya pili yake. Ukiona mambo hayaendi, niletee habari kabla. Habari, mwalimu. Usiniletee maiti.”

Nikamhakikishia. Hata neno lenyewe nililotumia nalikumbuka: nilisema ndege atakuwa chini ya uangalizi.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Asubuhi nilijaza kikombe na kukifuta juu kwa rula mpaka mpunga ukawa sawasawa na ukingo. Jioni nilisimamisha rula ileile ndani ya kikombe na kupima umbali kutoka ukingoni mpaka kwenye chakula. Siku ya kwanza chakula kilikuwa kimeshuka robo inchi. Siku ya pili, robo inchi kasoro. Siku ya tatu, kiasi cha unene wa kucha. Kila asubuhi iliyofuata nilirudishia kile tu kilichopungua, kijiko kimoja cha chai au pungufu, kwa kuwa sikuona sababu ya kumwaga chakula kizuri ambacho hakijaguswa. Tulikuwa katika nyakati za kuhimizana kutofuja mali. Chini ya safu ya “Ulaji” niliandika neno moja, na siku iliyofuata nikaliandika tena, na tena: Hakula.

Daftari lilikuwa na safu nyingine. Ilikuwako ya maji, ya tabia, ya usafi wa tundu, na safu moja iliyohesabu kinyesi, ambayo heshima ya msomaji inanizuia kuieleza kwa urefu. Chini ya usafi niliandika kwamba ndege anatawanya takataka nyepesi sakafuni mwa tundu, na kwamba nimezifagia. Nilizifagia kila siku, kwa bidii kubwa. Ninalo daftari hilo hadi leo, na ninaposoma safu ile najiona kama askari anayefagia nyayo za mwizi ili apate mahali pasafi pa kusimama na kufikiri.

Siku ya nne nilianza kutafuta sababu. Katika maktaba ya shule palikuwa na kitabu cha Kiingereza cha habari za ndege, kilichopoteza jalada na kurasa zake za mwisho, na humo nilisoma kwamba kasuku wanaotengwa na mfugaji wao hushikwa na majonzi hata wakasusa chakula. Nilifurahi sana. Nafurahi kidogo hata sasa ninapokumbuka, maana hakuna raha inayozidi ile ya kukuta tatizo lako limekwisha kuchapishwa. Zaidi ya hayo, majonzi ni maradhi yenye hadhi. Ndege mwenye minyoo angeniaibisha. Ndege mwenye majonzi aliinua heshima ya nyumba yangu.

Tiba ya majonzi, nilivyoona mimi, ni maneno. Kila alasiri nilivuta kiti mbele ya tundu, nikamsomea kasuku kwa sauti beti za nahau nilizohifadhishwa na shehe wangu, mlango wa kiima, mlango wa kiarifu, mlango wa vihusishi. Siku ya tano alinisikiliza akiwa amejikunyata, manyoya yametuna. Siku ya sita alifumba macho nilipofika mlango wa tatu. Chini ya tabia niliandika: Ametulia. Anasikiliza.

Nisiseme kwamba hapakuwa na dalili. Siku hiyo ya sita nilimjaribu kipande cha papai. Alikirukia kwa pupa, akakimaliza, akalamba hata waya mahali kilipogusa. Mtu mwingine yeyote angelichukulia jambo hilo kuwa ushahidi wa njaa. Mimi nililiandika katika safu ya tabia kama msisimko wa ghafla, na nilipoona baadaye kwamba kinyesi kimekuwa cha majimaji, nikaandika kuhara, nikapiga marufuku matunda yote hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Wa kuamua nilikuwa mimi.

Mke wangu hakuwapo. Alikuwa amepanda kwao Vugiri, kwa mama yake, kusubiri mtoto wetu wa kwanza, kama desturi inavyotaka. Nilimwandikia barua ya kurasa tatu juu ya majonzi ya ndege na nikaituma kwa gari lililokuwa likishusha mboga Korogwe na kurudi mlimani. Jibu lilikuja kwa gari hilohilo kesho yake, nyuma ya barua yangu mwenyewe: “Sisi wazima. Huyo ndege ana njaa. Mpe chakula.” Nilisikitika kuona kwamba hakuisoma barua kwa makini, kwa maana katika ukurasa wa pili nilikuwa nimeeleza wazi kwamba chakula anacho.

Siku ya nane alikuja balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mchangamfu, fundi cherehani, mwenye daftari lake mwenyewe la wageni, na nadhani madaftari yetu ndiyo yaliyotufanya tuheshimiane.

“Nimesikia una mgeni, mwalimu, na sina jina lake.”

Nikamwonyesha. Akalizunguka tundu, mikono nyuma.

“Amekonda huyu.”

“Ana majonzi, ndugu balozi.”

“Majonzi ya nini?”

“Ya bwana wake aliyeondoka.”

“Yule bepari wa mkonge?”

“Ndege hajui siasa.”

“Mfundishe. Wewe si mwalimu?” Akainama, akamtazama ndege jicho kwa jicho. “Kasuku anamlilia bepari ndani ya nyumba ya mtumishi wa umma. Mwalimu, hili nisiliandike. Nitaandika kwamba una kuku wa nne.” Alipofika mlangoni akageuka, na utani ulikuwa umemtoka. “Lakini tazama, ndugu yangu. Huyo hafiki Jumapili.”

Siku ya tisa, Alhamisi, niliporudi kutoka shuleni saa sita, kasuku hakuwa juu ya kijiti chake. Alikuwa chini, pembeni mwa tundu, amekaa kama mtu aliyeshushwa garini mahali asipopajua, kichwa kimezama kati ya mabega. Nilipofungua mlango hakunipa mgongo. Hilo ndilo lililonitisha. Kwa siku tisa alikuwa amenipa mgongo kila nilipokaribia, na ghafla nikatambua kwamba nilikuwa nimeuzoea mgongo ule na nilikuwa nautaka.

Nilikumbuka ahadi yangu. Habari kabla, si maiti. Nikapanda baiskeli kwenda Ngombezi kumwambia mpishi kwamba ndege wake wa miaka tisa anafia mikononi mwangu, na njia nzima nilikuwa nikitunga jinsi ya kulisema. Nilikuwa nimekwenda karibu nusu ya njia, jasho linaingia chini ya miwani, nilipogundua kwamba sikuchukua daftari. Msomaji wangu, niligeuza baiskeli. Nilirudi nyumbani kuchukua daftari, kwa sababu sikuona jinsi ambavyo mtu angeweza kueleza hali ya mgonjwa bila kumbukumbu zake. Ndege alikuwa anakufa, na mimi nilirudi kuchukua jedwali.

Mlangoni nilimkuta bibi yangu, mzaa mama, amekaa juu ya kikapu chake, shavu limefungwa kwa upande wa kanga na limevimba kama lililofichwa embe. Alikuwa ametoka Handeni na basi la asubuhi kupitia Mkata, kuja kung'olewa jino hospitalini.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Umekimbia nini, mbona umelowa hivyo? Mke mwenzangu yuko wapi?”

“Yuko kwao, Vugiri. Anasubiri kujifungua.”

“Basi ameniachia nyumba. Nifungulie nikalale, jino hili limenifanya nimtukane kondakta.” Akaingia, akasimama mbele ya meza. “Na huyu?”

“Ni kasuku, bibi.”

“Nimekuuliza jina lake? Hawa wamekula mahindi yangu tangu mama yako hajaota meno. Nauliza anafanya nini ndani.”

“Ninamlisha.”

“Unamlisha!” Akaanza kucheka, akashika shavu. “Ee, mume wangu, usinichekeshe, nitakufa. Watu tunawapigia debe mashambani kutwa kucha, wewe unamkaribisha mezani.” Kisha akamtazama vizuri, na kicheko kikaisha. Bibi yangu alikuwa adui wa kasuku wote duniani, lakini hakuwa mtu wa kucheka mbele ya mnyama anayekufa. “Mbona yuko hivi?”

“Hali, bibi. Chakula kipo siku zote, hali.”

“Chakula kipi?”

“Kile.” Nikamwonyesha kikombe, kimejaa karibu ya ukingo.

Akaingiza vidole viwili, akachota, akasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akachota tena, akasugua tena. Halafu akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama shehe, wala mkaguzi wa elimu, wala mtahini yeyote.

“Hii ni nini?”

“Mpunga.”

“Puliza.”

“Nini, bibi?”

“Kitoe hicho kikombe, upulize. Mimi ningepuliza, jino haliniruhusu.”

Nilikitoa kikombe. Nilikileta karibu na uso, kama mtu anayetaka kusoma maandishi madogo, nikapuliza kwa nguvu. Yote yaliyokuwa ndani yalinyanyuka. Yaliingia machoni pembeni mwa miwani, yakaingia puani, yakajaa masharubu, mengine yakatua taratibu juu ya kurasa zilizofunguliwa za daftari. Nilipoweza kuona tena, nilitazama ndani ya kikombe. Nilihesabu, kwa kuwa sijui kutazama bila kuhesabu: punje tatu za mpunga na kijiwe kimoja.

“Makapi,” bibi akasema. “Umekuwa ukimlisha makapi. Siku ngapi?”

“Tisa.”

“Na ulikuwa ukitazama?”

“Nilikuwa napima.”

“Kwa kitu gani?”

Nikamwonyesha rula. Aliichukua, akaigeuza huku na huku, akanirudishia.

“Nayo haikukwambia kitu?”

Jambo lenyewe ni jepesi kiasi kwamba naona haya kulieleza. Kasuku hamezi mpunga kama kuku. Huushika punje kwa punje, akaipasua kwa mdomo, akala mchele, akaliachia ganda lianguke palepale alipolitolea, na ganda la mpunga likianguka juu ya maganda mengine huonekana mpunga kwa mtu yeyote anayetazama kwa mbali, au kwa rula. Siku ya kwanza ndege alikula alichopewa, na ya pili akakimaliza. Baada ya hapo kikombe kilikuwa kimejaa maganda yake mwenyewe, na kila asubuhi juu ya lundo lile mimi niliongeza kijiko kimoja cha chai, kwa usahihi mkubwa. Kijiko kile ndicho kilichokuwa chakula chake cha siku. Nilimweka katika mfungo ambao hata shehe wangu asingeuruhusu, kisha nikamsomea nahau.

Hakuna mwanamke kutoka Mkata mpaka Mombo, hakuna msichana aliyewahi kushika ungo, ambaye angedanganyika na kikombe kile kwa nusu saa. Bibi yangu alinilea. Alipepeta mpunga mbele ya macho yangu maelfu ya mara, makapi yakienda na upepo na mchele ukirudi ungoni, na kila mara mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale, nimeinamia kitabu, nikikerwa na vumbi.

“Inuka,” bibi akasema. “Chemsha mchele. Uive mpaka ushindwe kusimama. Na hilo papai uani kwa jirani ni la nani?”

“Matunda yanamharisha, bibi.”

“Nyamaza.”

Nilichemsha mchele, nikauponda kwa kijiko, nikaomba papai. Bibi alimtoa ndege tunduni kwa mikono miwili, akamfunga katika pembe ya kanga yake kama mtoto mchanga, kichwa peke yake nje, akaniamuru nichukue rojo kwa ncha ya kidole na kumgusisha mdomoni. Mara ya kwanza halikuingia kitu. Mara ya pili ulimi wake mweusi ulijitokeza, ukaonja, ukarudi ndani. Mara ya tatu alining'ata mpaka damu ikatoka.

“Vizuri,” bibi akasema. “Endelea.”

Tuliendelea alasiri yote, kidogo kidogo, tukimpumzisha kati ya ncha moja na nyingine, yeye akiguna kwa jino, mimi nikiguna kwa kidole. Mara moja tu aliniuliza kama ni kweli kwamba nalipwa na serikali kufundisha watoto wa watu. Nilimwambia ni kweli. Akatikisa kichwa, si kwa dharau, bali kama mtu anayewaombea watoto hao.

Ijumaa aling'olewa jino. Alirudi na pamba mdomoni na amri ya kutosema, akaniongoza kwa mikono, na nakiri kwamba sijawahi kupewa maelekezo yaliyoeleweka vizuri kuliko yale. Jumamosi asubuhi kasuku alipanda kijitini, akayumba, akakaa. Nilimwaga kikombe chote, nikakifuta, nikajaza mpunga mpya, nikasimama pale kumwangalia anavyofanya, jambo ambalo katika siku tisa za uangalizi sikuwa nimelifanya. Alipasua punje moja. Ganda likaanguka kikombeni. Alipasua nyingine. Kazi nzima ilifanyika wazi, mbele ya uso wangu, kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka, na ingetosha kuiona mara moja.

Jumapili ikafika, na mpishi akafika. Tulikuwa watatu barazani: bibi juu ya mkeka, mimi kitini, tundu kati yetu. Tangu alfajiri nilikuwa nafikiria jambo moja. Ndege alikuwa juu ya kijiti. Alikuwa anakula. Mtu angeweza kusema amezoea, akanyamaza, na mzee angerudi kambini moyo wake umetulia. Bibi alijua ninachofikiria, kwa sababu alikuwa ananitazama na hakusema neno, na safari hii haikuwa kwa sababu ya pamba.

Mpishi alimwamkia bibi, akaitikia amri yangu ya kukaa bila kukaa, akafungua tundu, akatia mkono. Kasuku akapanda juu ya kifundo cha mkono wake. Mzee akapitisha kidole gumba kifuani pa ndege, taratibu, kutoka juu kwenda chini, na hapo kidole kikasimama. Mfupa wa kifua ulikuwa umetokeza kama makali ya panga. Hata mimi niliuona kutoka nilipokaa.

“Mwalimu,” akasema.

Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye utangulizi. Yaliyotoka ni haya:

“Nilimpa makapi, mzee. Siku tisa. Sikujua.”

Basi nikaona nimpe ushahidi, nikamletea daftari. Alikuwa ameanza masomo ya watu wazima huko kambini, na alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, silabi moja baada ya nyingine. “Ha-ku-la.” Akashuka mstari. “Ha-ku-la.” Akashuka tena. Maandishi yangu yamesomwa tangu wakati ule na watu wenye elimu kubwa, mengine wameyasifu na mengine wameyakosoa, lakini sijapata kuyasikia kama nilivyoyasikia asubuhi ile. Alisoma yote. Alipomaliza akalifunga daftari, akalipangusa mgongoni kwa kiganja, kwa heshima, kana kwamba kosa halikuwa la daftari.

“Mimi sikukwambia umwage ya jana?”

“Hukuniambia. Ulisema kikombe kimoja, asubuhi.”

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, na nilimwona akiirudia Jumanne ile kichwani mwake, neno kwa neno, kama mwanafunzi wa shehe wangu.

“Ni kweli,” akasema hatimaye. “Sikusema. Sikudhani kuna mtu wa kuambiwa.”

Halafu macho yake yakaenda kwenye baiskeli, na nikaona kwamba nyuma yake amefunga gunia lilelile, limekunjwa. Hakuja nalo kwa kuzuru. Nilitaka kumwomba asimchukue ndege, na sikuwa na haki ya kuomba.

Bibi ndiye aliyesema, kwa taabu, shavu likiwa bado limevimba. “Baba, utampeleka wapi?”

“Sijui, mama. Kwangu paka.”

“Basi mwache. Huyu amekwisha kujifunza, japo kwa gharama ya ndege. Ukimpeleka kwa mwingine, huyo mwingine naye ataanza kujifunza upya, na ndege hana nyama ya kumsomeshea mwalimu wa pili.”

Mzee akamtazama bibi, akanitazama mimi, na kona ya mdomo wake ikacheza kidogo. Hakucheka. Alimrudisha kasuku kijitini, akakichomoa kikombe cha bati kutoka kwenye waya, akakigeuza juu chini barazani mpaka kila kilichokuwamo kikamwagika, akakipangusa ndani kwa pindo la shati, akaninyooshea.

“Jaza, nikuone.”

Nilijaza mbele ya wazee wawili, kama mtoto anayeandika ubaoni. Nikakirudisha mahali pake. Kasuku akashuka kijitini, akachagua punje.

“Kesho asubuhi?” mpishi akauliza.

“Ninamwaga yote, ninajaza upya.”

“Na keshokutwa?”

“Vilevile, mzee.”

“Hata ukiona kimejaa?”

“Hata nikiona kimejaa.”

“Nitakuja Jumapili nyingine niulize tena,” akasema, na ndipo akakaa, akanyoosha miguu, akamwambia bibi yangu kwamba kama chai ipo atakunywa, lakini aipike yeye, si mwalimu.